Nani Amekuambia Mgongo Wako ni Dhaifu?

Chukua sehemu ya chini ya uti wa mgongo wa maiti, zile pingili tano za kiunoni, uiondolee misuli yote ibaki mifupa, diski na kano zinazoifunga. Isimamishe wima, kisha uitwike uzito kidogo kidogo. Crisco na Panjabi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 1992: uti ulipinda na kushindwa kusimama ulipofikia nyutoni 90 hivi, ambazo ni uzito wa kilo tisa. Ndoo ya maji ya lita 20 ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Msichana anayepandisha kilima na ndoo kichwani amebeba mzigo ambao mifupa ya kiuno chake, ingeachwa peke yake, isingeuhimili hata nusu.

Kinachomfikisha nyumbani ni misuli. Iko ya mgongoni, inayopanda pande mbili za uti kama kamba nene. Iko ya tumboni na ya mbavuni, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na la ndani kabisa limezunguka kiuno kama mshipi. Na chini kabisa, karibu na mfupa, iko misuli midogo inayoshikanisha pingili na pingili, ambayo madaktari huiita multifidasi. Baharia wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa: mlingoti wa jahazi haukusimama kwa unene wake, umesimamishwa na kamba.

Kutoka hapo hoja hujijenga yenyewe. Ikiwa misuli ndiyo inayousimamisha mgongo, basi mgongo unaouma ni mgongo uliokosa misuli. Na ukimpa kijana mazoezi ya tumbo na mgongo, maumivu yataondoka. Utaisikia hoja hiyo jimu, utaisikia zahanati, kwenye video za simu, na kwa mjomba aliyewahi kupita JKT. Kipande chake cha kwanza ni kweli tupu. Cha pili ni kweli nusu. Cha tatu huwa kweli mara nyingi, ila kwa sababu isiyokuwa ile inayotajwa. Nataka kuvitenganisha vipande hivi, kwa sababu kijana wa miaka 22 anayeambiwa kwamba mgongo wake ni dhaifu huondoka na neno hilo akaishi nalo kwa miaka, na neno hilo humfanyia mambo mwilini.

Tusidhani tunazungumzia wazee. Mwaka 1998 Leboeuf-Yde na Kyvik walichapisha uchunguzi wa mapacha 29,424 wa Denmark wenye umri wa miaka 12 hadi 41. Zaidi ya nusu ya wasichana walikuwa wameshaumwa mgongo wa chini angalau mara moja walipofika miaka 18. Wavulana walivuka nusu walipofika 20. Barani kwetu, Louw na wenzake wa Afrika Kusini walikusanya tafiti 27 mwaka 2007 wakakuta kwamba asilimia 36 ya vijana wabalehe walikuwa wamewahi kuumwa, na asilimia 62 ya watu wazima. Kati ya dawati la shule na utu uzima, basi, ndipo wengi wanapoonja maumivu haya kwa mara ya kwanza. Duniani kote waliokuwa nayo mwaka 2020 walikadiriwa kufika milioni 619.

Kwetu maumivu haya huja na majina yasiyo yake. Kijana wa kiume akisema kiuno kinamuuma, barazani ataulizwa kuhusu figo, atatajiwa ngiri, na mmoja atashusha sauti amuulize kama nguvu za kiume ziko sawa. Muuza mizizi wa stendi ana chupa moja kwa yote matatu. Msichana ataambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au chango. Figo zinaweza kweli kuuma ubavuni, tena mara nyingi pamoja na homa au mkojo uliobadilika. Lakini maumivu yanayozidi ukiinama, yanayopoa ukitembea kidogo, yanayorudi ukikaa muda mrefu juu ya pikipiki, kwa kawaida hayana uhusiano na figo wala na uanaume wa mtu. Hili hunisikitisha kuliko mengine yote. Kijana hupoteza miezi akinywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, huku akijiona amepungukiwa.

Wataalamu hukadiria kwamba kwa watu tisa kati ya kumi wenye maumivu ya mgongo wa chini huwezi kuonyesha kitu kimoja ukasema ndicho kinachouma. Ndiyo maana maelezo ya misuli dhaifu yalipata soko haraka: yalijaza nafasi iliyokuwa tupu.

Neno "nguvu" lenyewe linatuchanganya. Kuli anayenyanyua gunia kwa pigo moja ana nguvu. Mama anayepalilia akiwa ameinama tangu alfajiri hadi saa nne ana kitu kingine, stahamala: misuli yake haivuti kwa kishindo, inavuta kidogo lakini haichoki. Na mtu aliyeteleza kwenye ngazi yenye maji akajishika kabla hajafika chini ana kitu cha tatu, wepesi wa misuli kuitika inapoitwa ghafla. Mtu mmoja anaweza kuwa na kimoja akakosa viwili. Mabishano mengi kuhusu kiwiliwili na maumivu yanatokana na watu kupima kimoja huku wakizungumzia kingine.

Stahamala ndiyo rahisi kuipima, na kipimo chake maarufu hakihitaji mashine. Unalala kifudifudi, mifupa ya nyonga ikiwa ukingoni mwa kitanda kigumu, kiwiliwili kikining'inia nje, mtu amekushika miguu. Unakunja mikono kifuani, unajinyanyua hadi mwili unyooke sambamba na sakafu, unakaa hivyo hivyo huku saa ikihesabu, mwisho dakika nne. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Biering-Sørensen, daktari wa Denmark. Stuart McGill na wenzake walipowapima kwa namna hii vijana wenye afya nchini Kanada mwaka 1999, wastani wa umri wao ukiwa miaka 23, wanaume walidumu wastani wa sekunde 146 na wanawake sekunde 189. Hao hao walipolala ubavu wakajinyanyua kwa kiwiko kimoja, wanaume ndio waliodumu zaidi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba "kiwiliwili chenye nguvu" si kitu kimoja.

Biering-Sørensen mwenyewe alitaka kujua kama kipimo hicho kinaweza kutabiri nani ataumwa. Katika mji wa Glostrup aliwapima wanaume 449 na wanawake 479 wa umri wa miaka 30 hadi 60, akarudi kwao baada ya mwaka, na mwaka 1984 akaandika alichokiona. Wanaume ambao misuli yao ya mgongo ilidumu muda mrefu walielekea kuepuka maumivu ya mara ya kwanza. Kwa wanawake hilo halikujitokeza. Sentensi hiyo ya kwanza imenukuliwa dunia nzima, katika vitabu na katika matangazo ya mazoezi. Iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni nyingine katika ripoti hiyo hiyo: misuli dhaifu ya kiwiliwili na ukakamavu wa mgongo na mapaja vilionekana zaidi kwa watu ambao maumivu yao yalikuwa yakirudi au hayakuisha, naye akaviita mabaki. Nyayo za maumivu yaliyopita, kwa maneno mengine. Kumbe tangu mwanzo palikuwa na swali la nani alitangulia, udhaifu au maumivu.

Swali hilo lilipata jibu la kushangaza Australia. Mwaka 1996 Hides, Richardson na Jull waliwafuatilia watu 39 walioumwa mgongo kwa mara ya kwanza. Kwa kutumia picha za mawimbi ya sauti, kama zile anazopigwa mama mjamzito, waliona kwamba multifidasi ilikuwa imesinyaa upande ule ule uliokuwa ukiuma. Wiki chache baadaye maumivu yalikuwa yameondoka kwa karibu wote. Misuli haikurudi. Kwa wale waliotibiwa kwa dawa na ushauri tu ilibaki imesinyaa ingawa mtu alishaanza kutembea na kufanya kazi kama kawaida. Kwa wale waliofundishwa kuiamsha kwa mazoezi mahususi, ilinenepa tena. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 84 ya kundi la kwanza walikuwa wameumwa tena, dhidi ya asilimia 30 ya kundi la pili. Watu 39 ni wachache, na tofauti kubwa kiasi hicho katika kundi dogo hunifanya niwe mwangalifu. Hata hivyo picha ya mgongo uliopona machoni na haujapona ndani haijaniondoka tangu niliposoma matokeo hayo.

Mwaka huo huo, nchini humo humo, Hodges na Richardson walipima jambo dogo zaidi. Walimwambia mtu asimame na kuinua mkono haraka. Kwa mtu mwenye afya, msuli ule wa ndani wa tumbo hukaza kabla mkono haujaanza kusogea; mwili unajua kwamba mkono ukiinuka kiwiliwili kitayumba, unatangulia kujiandaa. Kwa watu wenye historia ya maumivu ya mgongo, msuli ulichelewa. Walipimwa watu 15 wenye maumivu na 15 wasio nayo. Kutokana na kuchelewa huko kwa sehemu ndogo ya sekunde ilizaliwa biashara nzima: madarasa, mipira ya kukalia, vitabu, walimu wanaomwambia kila anayeingia mlangoni "vuta kitovu ndani". Watafiti hawakusema msuli huo ni dhaifu. Walisema unachelewa. Biashara ikasikia "dhaifu".

Sasa tugeuze upande. Ikiwa kiwiliwili dhaifu huleta maumivu, basi ukiwapima watu wenye afya, ukawasubiri miaka, walio dhaifu wanapaswa kuumwa zaidi. Tafiti za namna hiyo zipo. Lee na wenzake wa Japani waliwafuatilia watu 67 kwa miaka mitano, wakaripoti mwaka 1999 kwamba walioumwa baadaye ni wale ambao misuli yao ya mgongo ilizidiwa na ya tumbo. Uwiano ndio uliokuwa na neno, kuliko nguvu yenyewe. Nafikiri hapo juu ya vijana wanaopiga pushapu na kukata tumbo kila jioni ili waonekane na vipande sita, bila zoezi hata moja la mgongo. Lakini mwaka 2007 Hamberg-van Reenen na wenzake wa Uholanzi walizikusanya tafiti zote za aina hii. Kuhusu stahamala, ushahidi ulionyesha kwa uzito kwamba haina uhusiano na nani ataumwa. Kuhusu nguvu, matokeo yalikuwa yakipingana hata lisiweze kutolewa jibu.

Jaribio ninaloliona kuwa zito kuliko yote lilifanyika jeshini. Fort Sam Houston, Texas, ndipo Jeshi la Marekani lilipowafundisha matabibu wake wa vitani, vijana wa wastani wa miaka 22, na mgongo ni moja ya sababu kubwa za askari kwenda kwa daktari. Kombania 20 zenye askari 4,325 ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilifanya mazoezi mapya ya kuimarisha kiwiliwili, yale ya polepole yenye kulenga misuli ya ndani. Nyingine ziliendelea na mazoezi ya zamani ya kukunja tumbo. Ndani ya kila upande, baadhi ya kombania zilipewa pia kikao kimoja cha dakika 45 hivi kuhusu mgongo: kwamba mgongo ni kiungo imara, kwamba maumivu mengi hupita, kwamba kuumwa si sawa na kuharibika, kwamba kulala kitandani hakusaidii. Wakafuatiliwa kwa miaka miwili.

Mazoezi mapya hayakuleta tofauti yoyote juu ya yale ya zamani. Kikao kile kimoja kilileta. Walioketi kukisikiliza walipungua kwa asilimia 3.3 katika idadi ya waliokwenda kutafuta matibabu ya mgongo. Si punguzo kubwa, na mtu anaweza kusema askari hao walijifunza kuvumilia tu, siyo kutoumwa. Iwe hivyo. Bado tunabaki na jambo ambalo hakuna jimu inayolitangaza: mbele ya vijana elfu nne, wiki nyingi za kufundisha misuli ya ndani hazikuwazidi walioendelea kukunja tumbo, na dakika 45 za maneno ya kweli zilifanya kazi.

Nimesema neno humfanyia mtu mambo mwilini, na hapa ndipo linapoonekana. Aliyeambiwa mgongo wake ni dhaifu huanza kuulinda. Anainama kwa hofu, anashika ukuta, anakaza tumbo hata akiwa ameketi anakula. Mwalimu wa mazoezi atafurahi kumwona amekaza, lakini turudi kwenye jahazi: kamba zikikazwa sana mlingoti hausimami tu, pia husukumwa chini kuelekea mkuku. Kila msuli unaovuta uti wa mgongo unaushindilia vilevile. Watu wenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi hukaza misuli ya kiwiliwili kupita inavyohitajika, na kuilegeza ndiyo kazi inayowashinda. Ukimwambia mtu kama huyo akaze zaidi unamwongezea mzigo anaotaka kuutua.

Uchunguzi wa Yale kwa wanamichezo wa chuo, uliochapishwa na Cholewicki na wenzake mwaka 2005, unaelekea huko huko. Walivutwa kwa uzito, kisha uzito ukaachiwa ghafla, na watafiti wakahesabu misuli inachukua muda gani kuzima na kuwaka. Waliokuja kuumia mgongo katika miaka miwili au mitatu iliyofuata walikuwa na misuli ya tumbo iliyochelewa kuachia, kwa wastani wa milisekunde 14 zaidi ya wenzao. Hawa ni wanamichezo, misuli wanayo. Tofauti ilikuwa katika kuachia.

Na wenye nguvu kwelikweli? Nenda sokoni alfajiri, magari ya viazi na vitunguu yanaposhushwa. Vijana wanaobeba lumbesa, magunia yaliyoshindiliwa mpaka yakavuka kilo 100 na kuvishwa kilemba cha kamba juu, wana migongo ambayo hakuna mwanafunzi wa jimu anayeikaribia. Waulize kuhusu kiuno. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mwanamume mzima mmoja, na gunia hilo ni karibu mara mbili yake. Hapa kuzungumzia udhaifu wa misuli ni kumkosea haki anayeumia. Nguvu ya kiwiliwili haina maana mpaka uiweke kwenye mizani na mzigo: uzito wake, mara ngapi kwa siku, usingizi wa saa ngapi katikati, na kama mtu ana uwezo wa kusema "leo sibebi". Kijana wa bodaboda anayekaa juu ya tangi saa 14 huku barabara ikimtikisa, na mwanafunzi aliyejikunja kitandani na kompyuta ya mapajani wiki nzima ya mitihani, wana mizani tofauti, ila swali ni lile lile. Mgongo huuma zaidi mzigo unapoongezeka ghafla kuliko unavyouzoea, hata mzigo wenyewe uwe ni kukaa.

Ujuzi nao una sehemu yake. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walipima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya wakitembea na mizigo, hawa kichwani, hawa kwa mkanda wa paji la uso. Waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili bila kutumia nishati ya ziada iliyopimika. Hiyo si hati ya kwamba shingo na kiuno havikuumia. Hilo halikuwa swali lao. Inaonyesha tu kwamba mwili uliozoeshwa tangu utotoni hubeba kwa mwendo, na misuli haifanyi kazi yote.

Jambo moja kuhusu picha za MRI, maana siku hizi vijana wa mjini hukimbilia huko na huzilipia kwa shida. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walijumlisha picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba nje. Hawakuwa wagonjwa. Kijana akipigwa picha kwa sababu ya maumivu ya wiki mbili, akasomewa kwamba "diski imetoka", huenda amesomewa kitu alichokuwa nacho tangu kidato cha nne akicheza mpira.

Baada ya yote hayo, mazoezi yanasaidia? Yanasaidia, na nalisema bila kusita. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyoongozwa na Hayden, yalijumlisha majaribio 249: kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu, mazoezi yalipunguza maumivu kwa kama pointi 15 katika kipimo cha 0 hadi 100, ukilinganisha na kutofanya kitu au huduma ya kawaida. Upande wa kinga, Steffens na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mazoezi pamoja na elimu hupunguza uwezekano wa kuumwa kwa takriban asilimia 45, ilhali mikanda ya kiuno na soli za viatu hazikuonyesha faida. Lakini mapitio ya Saragiotto ya mwaka huo huo, yaliyolinganisha mazoezi ya misuli ya ndani na mazoezi ya aina nyingine, hayakupata tofauti ya kujivunia. Ukiogelea, ukinyanyua vyuma, ukivuta kitovu, ukitembea, faida hukaribiana. Ikiwa mazoezi tofauti kabisa yanafika mahali pamoja, basi kinachotibu si msuli mmoja maalumu. Mimi naamini ni mambo kadhaa yanayokwenda pamoja: mwili unazoeshwa mzigo hatua kwa hatua, hofu inapungua kila siku mtu anapoinama na kuona hakuvunjika, usingizi unarudi. Nguvu inaongezeka pia, na ni njema kwa mambo mengine mengi.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuanza hana haja ya kuumiza kichwa. Mkeka unatosha. McGill alipendekeza matatu ambayo hayashindilii sana uti. La kwanza, lala chali, goti moja limekunjwa, mikono chini ya kiuno ili kisilale bapa, unyanyue kichwa na mabega kidogo tu, ukae sekunde kumi, urudi. La pili ni lile la kulala ubavu na kujinyanyua kwa kiwiko, ukianzia magoti kama ni gumu. La tatu, piga magoti na kuegemea mikono kama mtoto anayetambaa, unyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kisha ubadilishe. Pumzi iendelee kutoka na kuingia; ukiibana umeshakaza kupita kiasi. Sekunde kumi kumi, kwa kurudia mara nyingi, zinajenga stahamala bila kuchosha mgongo hadi upoteze umbo. Baada ya wiki chache ongeza mzigo halisi: ndoo nusu, kisha ndoo, ukiinama na kuinuka nayo. Mgongo unaoogopa ndoo hauponi mpaka uishike tena. Dada zetu wanaocheza mduara hadi usiku wa manane wameshafanya sehemu kubwa ya kazi hii, na sioni sababu ya kuiita ngoma hiyo kitu pungufu ya zoezi.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi, yanayotulia kufikia kesho yake, hayamaanishi kuna kitu kinachoraruka. Ziko dalili nyingine ambazo hazifai kusubiri. Ganzi sehemu za siri na mahali pa kukalia, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, miguu kulegea ghafla: hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu yasiyotulia hata ukilala yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu bado kipo na hakianzi lazima na kikohozi. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, bruselosi nayo huingia kiunoni. Na kijana ambaye mgongo wake umekakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, unaopata nafuu akijishughulisha na kuuma zaidi akipumzika, kwa miezi mitatu au zaidi, ana haki ya kuchunguzwa ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Huanza mara nyingi kabla ya miaka 45, na wengi huzungushwa miaka kabla haujatajwa.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, nimeacha jaribio moja mwishoni kwa sababu ni la bei nafuu kuliko yote. Australia, mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya mgongo waligawanywa kwa kura. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo kupanga matembezi yao pamoja na elimu kidogo. Nusu waliachwa waendelee na maisha. Wengi wao walikuwa watu wa miaka ya hamsini, siyo vijana, na hilo lazima lisemwe. Walioachwa walikaa siku 112, kwa wastani wa kati, kabla ya kuumwa tena kiasi cha kukwamisha shughuli. Waliotembea walikaa siku 208. Lengo walilopewa lilikuwa kufika, ndani ya miezi sita, dakika 30 kwa siku, mara tano kwa wiki, kila mtu akianzia pale alipokuwa anaweza.